Kupata Ukaazi Ng'ambo kwa Kuwekeza: Mwongozo Kamili kwa Mtu wa Mombasa

Dalali wa viza atakuuliza una pesa ngapi. Benki ya Dubai au afisi ya uhamiaji ya Muscat itakuuliza pesa hizo umezipata wapi. Mwongozo huu umeandikwa zaidi kwa ajili ya swali hilo la pili, kwa sababu ndilo linalowakwamisha watu wetu wenye mali ya halali kabisa. Mtu ana nyumba tatu Majengo, ana duka Marikiti, ana magari yadi, lakini ukimwambia athibitishe kwa karatasi shilingi milioni sabini zimetoka wapi, hana la kuonyesha ila daftari na maneno ya mashahidi, na baadhi ya mashahidi wameshatangulia mbele ya haki.

Tunachozungumzia ni hiki: unaweka mtaji katika nchi nyingine, iwe ni nyumba, kampuni, mfuko wa uwekezaji au amana ya benki, na nchi hiyo inakupa kibali cha kuishi wewe na familia yako. Zifuate hatua kwa mpangilio huu, hata kama kishawishi ni kuanza na picha za fleti.

Hatua ya kwanza: jua unachotaka

Watu huchanganya ukaazi na uraia, na wapo wauzaji wanaofurahia mchanganyiko huo. Kibali cha ukaazi kinakuruhusu kuishi nchini kwao kwa muda fulani. Pasipoti yako inabaki ya Kenya, na ukitaka kwenda Ulaya kutoka Dubai bado utaomba viza ya Schengen kama Mkenya mwingine. Nyumba ya Dubai, hata iwe ya bei gani, haikupi uraia wa Falme za Kiarabu.

Uturuki ni kinyume. Huko mwenye kununua nyumba ya dola 400,000 na kukubali kutoiuza kwa miaka mitatu anaweza kuomba uraia. Ukifika huko, ujue kwamba Katiba ya 2010 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kuwa na uraia wa pili, lakini sheria ya uraia ya 2011 inakutaka uutangaze ndani ya miezi mitatu. Tena, afisa wa serikali aliyetajwa na Kifungu cha 78 cha Katiba, kama vile mbunge au gavana, haruhusiwi kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukiwa na ndoto ya siasa, fikiri tena.

Jiulize pia kibali unakitaka kwa kazi gani. Anayetaka watoto wasome shule nzuri atahesabu karo kabla ya bei ya nyumba. Mfanyabiashara anayekwenda na kurudi kununua vipuri anahitaji nchi isiyomlazimisha kukaa. Anayetaka mahali pa kupumzika uzeeni ataangalia hospitali na gharama ya bima. Mtu mmoja akitaka yote matatu katika fleti moja ya chumba kimoja cha kulala, tatizo haliko kwenye masharti ya viza.

Neno la pembeni: familia za hapa zenye asili ya Oman zina mlango mwingine wa nasaba, wenye sheria zake na nyaraka zake. Usiuchanganye na huu wa mtaji, na usimlipe mtu anayekuambia ataiunganisha milango yote miwili kwa ada moja.

Hatua ya pili: nyoosha majina

Hatua hii haina gharama kubwa, nayo huchukua muda kuliko zote. Chukua kitambulisho, pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, hati ya nyumba, cheti cha PIN ya KRA na stetimenti ya benki, uvitandaze mezani. Kwa wengi wetu utaona Mohamed, Mohammed na Muhammad. Utaona Said na Saidi. Utaona "bin" kwenye hati ya ardhi ya zamani na kwenye pasipoti hakuna. Mama kaandikwa kwa jina la babake kwenye cheti kimoja, na kwa jina la utani kwenye kingine. Afisa wa Mombasa anaelewa kuwa ni mtu mmoja. Mtu wa Dubai au wa Port Louis, mji mkuu wa Mauritius, hana sababu ya kuelewa.

Tofauti ndogo ya tahajia hurekebishwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Tofauti kubwa, kama jina zima kubadilika, inahitaji hati rasmi ya kubadili jina na kusahihisha kitambulisho na pasipoti. Fanya hivyo kabla ya kununua chochote ng'ambo, kwa sababu hati ya nyumba ya huko itafuata pasipoti utakayokuwa nayo siku hiyo.

Halafu ndoa. Ndoa nyingi za Pwani zilifungwa na kadhi na cheti kikaandikwa kwa mkono. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa za Kiislamu nazo zisajiliwe kwa msajili wa ndoa, na cheti kilichosajiliwa ndicho kitakachopita kwenye ubalozi. Bila hicho mke haingii kwenye kibali chako, na nyumba mliyonunua kwa pamoja haihesabiwi kama mtaji wa familia moja.

Vyeti vikishakaa sawa vinapigwa mihuri. Kwa safari ya Falme za Kiarabu, cheti kinathibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi, kisha na ubalozi wao huko huko Nairobi, kisha na wizara yao ya mambo ya nje ukifika, na kutafsiriwa kwa Kiarabu na mfasiri mwenye leseni ya huko. Kwa hivyo panga safari ya Nairobi, au umpe mtu unayemwamini idhini ya maandishi. Kwa nchi zinazotaka cheti cha tabia njema, unaomba kwenye eCitizen na kuchukuliwa alama za vidole kwenye Huduma Centre. Hicho kiache karibu na mwisho, kwa sababu nchi nyingi hukitaka kiwe cha karibuni.

Hatua ya tatu: ipe pesa yako historia

Mali bila daftari huisha bila habari, na kwa biashara hii mali bila daftari haitoki hata bandarini. Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachofuatilia utakatishaji wa fedha. Maana yake kwako ni moja: benki ya ng'ambo ikiona pesa zinatoka Kenya, inauliza maswali zaidi ya zamani. Humu ndani nako, sheria inazitaka benki kuripoti miamala ya fedha taslimu inayofika dola 15,000, na kwenye kiasi kikubwa kama hiki meneja wa benki atataka kujua chanzo kwa vyovyote. Usimchukie, ni kazi yake.

Sasa tuangalie mali za aina yetu moja moja.

*Nyumba bila ardhi.* Hii ni ya Mombasa hasa, na hakuna afisa wa ng'ambo atakayeifahamu bila kuelezwa. Nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine, kila mwezi unalipa kodi ya ardhi. Huna hati miliki ya kumwonyesha mtu. Ukiiuza ili upate mtaji, hakikisha unabaki na mkataba wa mauzo ulioandikwa na wakili mwenye cheti cha kufanya kazi mwaka huo, barua ya mwenye ardhi inayokutambua wewe kama mwenye nyumba na kumkubali mnunuzi, risiti za kodi ya ardhi za miaka ya nyuma kadiri zinavyopatikana, na ramani iliyopitishwa na kaunti kama ipo. Muhimu kuliko yote, mnunuzi alipe kwa benki. Akikuletea noti kwenye mfuko, nyumba umeiuza lakini ushahidi umeupoteza. Mwambie wakili akuandikie ukurasa mmoja wa Kiingereza unaoeleza utaratibu huu wa umiliki, uambatishwe na mkataba. Ni karatasi ndogo inayookoa wiki nyingi za maswali.

*Ploti au nyumba yenye hati.* Hapa ni rahisi zaidi: nakala ya hati, mkataba, uthibitisho wa uhamisho kutoka afisi ya ardhi, na risiti ya kodi ya faida ya mtaji. Kodi hiyo ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 ya faida kuanzia Januari 2023, na wauzaji wengi hushawishika kuandika bei ya chini kwenye mkataba ili waipunguze. Mbali ya kuwa ni kosa la jinai, unajiumiza mwenyewe. Ukiuza ploti ya Nyali kwa milioni 40 na kuandika milioni 15, mtaji wako halali mbele ya benki ni milioni 15. Ile 25 nyingine haina baba.

*Mirathi.* Nyumba ya marehemu iliyouzwa na ndugu kwa makubaliano ya kikao cha familia haitoshi. Ng'ambo watataka amri ya mahakama, iwe ya Kadhi au Mahakama Kuu, inayoonyesha warithi na fungu la kila mmoja. Fungu lako peke yake ndilo mtaji wako. Ndugu wakikuachia mafungu yao, iandikwe hati ya hiba kwa kila mmoja, na pesa ziingie akaunti yako kutoka akaunti zao. Kazi hii ya mirathi inaweza kuchukua mwaka au zaidi pakiwa na mzozo, kwa hiyo ndiyo inayoamua kalenda yako yote. Hakuna dalali wa viza atakayekuambia hivyo.

*Biashara.* Wenye yadi za magari ya Japani na waagizaji wa bidhaa wana bahati wasiyoijua. Kila gari lina karatasi za forodha za KRA, hati ya shehena, na malipo ya benki kwenda kwa muuzaji. Ukiziweka pamoja na hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu na cheti cha KRA cha kuwa huna deni la kodi, umemaliza. Mwenye duka anayeuza kwa taslimu na M-Pesa ana kazi zaidi: aanze leo kupeleka mauzo benki kila siku na kulipia kodi kiasi anachopata kweli. Baada ya mwaka mmoja au miwili ya nidhamu hiyo faili lake litaeleweka. Sijaona njia ya mkato hapa ambayo si ya kughushi.

Hatua ya nne: chagua nchi

Kwa hesabu za hapa chini nimechukua dola moja kuwa shilingi 129. Fanya hesabu yako upya siku utakayoamua, maana Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160, na tofauti hiyo kwa nyumba ya Dubai ya dirham milioni 2 ni kama shilingi milioni 17.

Dubai ndiyo wengi wanaanza nayo, na kwa Mombasa ina mantiki. Wafanyabiashara wetu wanaijua Deira, mtaa wa zamani wa biashara wa Dubai, vichochoro kwa vichochoro, na tangu Januari 2024 flydubai inaruka moja kwa moja kutoka uwanja wa Moi. Viza ya Dhahabu ya miaka 10 inataka nyumba za thamani ya dirham milioni 2, kiasi cha dola 545,000 au shilingi milioni 70. Unaweza kufikisha kiwango hicho kwa nyumba zaidi ya moja. Tangu 2024 Dubai iliondoa sharti la kulipa angalau dirham milioni moja mwanzoni, hivyo nyumba ya mkopo na hata inayoendelea kujengwa zinakubalika zikitimiza masharti mengine. Chini yake kuna viza ya miaka 2 ya mwenye nyumba, ambayo kwa muda mrefu kiwango chake kimekuwa dirham 750,000, takriban shilingi milioni 26.

Tofauti ya viza hizi mbili haiko kwenye miaka tu. Ukaazi wa kawaida wa Falme za Kiarabu hufutika ukikaa nje zaidi ya miezi sita mfululizo. Viza ya Dhahabu haina sharti hilo, na unaweza kuwachukua watoto bila kujali umri. Kwa mtu ambaye duka lake litabaki Mombasa, huo ndio uzuri wake wenyewe. Na kabla hujaanza kuota fleti karibu na Naif huko Deira: mgeni ananunua umiliki kamili kwenye maeneo yaliyotengwa tu, kama Dubai Marina, Business Bay na Jumeirah Village Circle. Sehemu kubwa ya Deira ya zamani haimo.

Oman ilianzisha mpango wake wa ukaazi wa wawekezaji mwaka 2021: wakati huo kibali cha miaka 5 kilitaka mtaji wa rial 250,000, na cha miaka 10 rial 500,000. Rial imefungwa kwenye dola 2.6, kwa hiyo kiwango cha chini cha wakati huo kilikuwa kama shilingi milioni 84 kwa hesabu yetu. Zaidi ya hapo, anayenunua nyumba ndani ya miji ya kitalii iliyoidhinishwa, kama Al Mouj pale Muscat au Hawana Salalah, hupata ukaazi kwa sababu ya nyumba yenyewe. Maisha ni ya utulivu kuliko Dubai, lugha na mila ziko karibu nasi, na wazee hupapenda. Soko la kuuza tena nyumba ni dogo, hilo nalo uliweke kwenye mizani.

Zanzibar watu huisahau kwa sababu iko karibu. Kisiwa kinawapa wageni wanaonunua nyumba ya dola 100,000 au zaidi katika miradi iliyoidhinishwa nafasi ya kuomba kibali cha ukaazi, na mamlaka ya uwekezaji ya ZIPA ndiyo inayosimamia. Fumba ndiko ujenzi mwingi ulipo. Mgeni hamiliki ardhi Tanzania, anapata haki ya kukodi ya muda mrefu, kwa hivyo soma miaka iliyobaki kwenye mkataba. Kwa shilingi milioni 13, huku una ndugu Unguja, naona ni chaguo la busara kuliko fleti ndogo ya Ghuba iliyonunuliwa kwa mkopo wa kubana. Usitarajie uraia tu, kwani Tanzania haikubali uraia pacha.

Mauritius inatoa ukaazi kwa anayenunua nyumba ya dola 375,000 au zaidi kwenye miradi iliyoidhinishwa na Economic Development Board, bodi ya serikali ya huko ya uwekezaji, na kibali kinadumu maadamu nyumba ni yako. Mwenye biashara ndogo anaweza kupitia kibali cha mwekezaji kwa mtaji wa kuanzia dola 50,000, lakini hapo kampuni lazima ifanye kazi na kufikisha mapato yanayotakiwa. Wakenya huingia bila viza, hivyo nenda ukaone kwanza.

Uturuki nimeitaja. Bei kwenye hati lazima ithibitishwe na mthamini mwenye leseni, na pesa za kigeni hubadilishwa kuwa lira kupitia benki na kupewa cheti chake. Muuzaji akikuambia mtalipana pembeni, toka.

Marekani ina viza ya wawekezaji iitwayo EB-5: dola 800,000 kwenye maeneo ya vijijini au yenye ukosefu wa ajira, dola 1,050,000 kwingineko, na lazima mtaji uzae ajira 10 za kudumu. Green card, yaani kadi ya ukaazi, ya kwanza ni ya masharti ya miaka miwili. Uchunguzi wao wa chanzo cha pesa ni mkali kuliko wote, nao hufuata shilingi hadi kwa aliyekulipa. Ukisikia mtu Mombasa anauza viza ya E-2, ile ya wawekezaji wa nchi zenye mkataba na Marekani, kwa pasipoti ya Kenya, ujue Kenya haina mkataba huo.

Ulaya inapungua. Uingereza ilifunga mpango wake wa wawekezaji Februari 2022, Ireland Februari 2023, Uhispania Aprili 2025. Ureno iliondoa nyumba kwenye mpango wake Oktoba 2023 na kubakisha njia nyingine kama mifuko ya uwekezaji ya euro 500,000. Ugiriki bado inauza kwa nyumba, lakini tangu 2024 Athens, Thessaloniki na visiwa vikubwa ni euro 800,000, sehemu nyingine 400,000, na ile 250,000 ya zamani imebaki kwa majengo ya biashara yanayogeuzwa makazi au majengo ya kihistoria. Nyumba hiyo hairuhusiwi kupangishwa kwa watalii wa muda mfupi. Nimeziorodhesha nchi zilizofunga kwa sababu bado kuna vipeperushi mjini vinavyozitangaza.

Hatua ya tano: kagua nyumba kama vile hakuna viza

Swali langu kwa mtu yeyote ni hili: bila kibali, ungeinunua nyumba hii kwa bei hii? Kama jibu ni hapana, unailipia viza kwa bei ya nyumba, na siku ya kuuza ndipo utajua ulilipa kiasi gani. Kuna miradi inayopangiwa bei ifike juu kidogo ya kiwango cha viza, huku jirani wa mtaa wa pili akiuza chini. Linganisha na mauzo halisi yaliyosajiliwa, si bei za matangazo. Na kumbuka kwamba bei za Dubai ziliwahi kuporomoka kwa karibu nusu baada ya msukosuko wa 2008. Waliokuwa na deni ndio walioumia zaidi.

Makampuni ya ujenzi ya Ghuba huja kuuza fleti kwenye hoteli zetu, chai na keki bure, na "ofa inaisha leo". Hakuna ofa ya kweli ya mamilioni inayoisha kabla ya magharibi. Chukua jina la mradi, nenda nyumbani, fungua programu ya Dubai REST ya Idara ya Ardhi ya Dubai. Humo unathibitisha kama dalali amesajiliwa, kama tangazo lina kibali, kama mradi umesajiliwa na umefikia wapi. Kwa nyumba inayojengwa, sheria ya Dubai ya 2007 inataka malipo ya wanunuzi yaingie akaunti maalum ya amana ya mradi (escrow), si ya kampuni yenyewe. Akaunti unayopewa ikiwa na jina la mtu, au la kampuni ya udalali ya Mombasa, usilipe.

Bei haiishii kwenye bei. Kwa nyumba ya dirham milioni 2 weka asilimia 4 ya Idara ya Ardhi, ambayo ni 80,000. Dalali kwa kawaida asilimia 2 pamoja na VAT, 42,000. Na afisi ya uhamishaji kama 4,200. Jumla inapita dirham 126,000, yaani shilingi milioni 4.4 ambazo vipeperushi havizitaji. Halafu kila mwaka kuna ada ya huduma ya jengo, inayohesabiwa kwa ukubwa wa fleti. Majengo yenye mabwawa mengi ya kuogelea yana ada zinazokula kodi ya mpangaji.

Hatua ya sita: tuma pesa kwa njia inayoacha alama

Kenya haina udhibiti wa fedha za kigeni tangu sheria yake ilipofutwa 1995, kwa hivyo hakuna kibali cha serikali cha kutoa pesa nje. Kinachotakiwa ni benki yako iridhike. Wapelekee mkataba wa ununuzi na faili la hatua ya tatu wiki kadhaa kabla, na ujadiliane nao bei ya dola. Kwa kiasi kikubwa bei ya ubaoni si ya mwisho. Nusu shilingi kwa kila dola kwenye dola 545,000 ni zaidi ya shilingi robo milioni.

Hawala iache kando hapa. Kwa mambo mengine ina kasi na uaminifu wake, lakini haikupi ushahidi wa SWIFT, yaani karatasi ya benki ya kutuma pesa ng'ambo, wenye jina lako, na bila huo pesa zimefika lakini si zako kikaratasi. Pesa zitoke akaunti yenye jina lako ziende moja kwa moja kwa muuzaji au akaunti ya amana. Mtu anayepita uwanja wa ndege na dola 10,000 au zaidi mkononi lazima azitangaze, na hata akizitangaza, hazimsaidii kwenye faili.

Hatua ya saba: omba mwenyewe, au mjue anayekuombea

Ukiwa na hati ya nyumba, Dubai maombi ya mwenye nyumba hupitia kituo cha Cube cha Idara ya Ardhi na afisi ya uhamiaji. Lazima uwepo: kuna vipimo vya afya, alama za vidole za Emirates ID, kitambulisho cha huko, na bima ya afya. Omba likizo ya kutosha, na uende na vyeti vya familia vilivyokwisha kupigwa mihuri. Familia inaongezwa baada ya viza yako kutoka.

Mtu akikuuzia Viza ya Dhahabu kwa bei ya mafungu, kumbuka Julai 2025, habari zilipoenea kuwa viza ya maisha inapatikana kwa dirham 100,000. Mamlaka ya utambulisho na uraia ya Falme za Kiarabu, ICP, ilikanusha waziwazi. Ada za serikali hulipwa kwenye mifumo ya serikali na risiti hutoka kwa jina lako.

Baada ya kupata kadi ya ukaazi

Ukiuza nyumba, au thamani iliyosajiliwa ikashuka chini ya kiwango kwa kuuza sehemu, msingi wa kibali umeondoka. Ukipangisha, mkataba wa mpangaji Dubai husajiliwa kwenye mfumo wa Ejari. Weka kumbukumbu ya kufanya upya miezi kadhaa kabla, na pasipoti ya Kenya iwe na muda wa kutosha, kwa sababu pasipoti iliyoisha husimamisha kila kitu. Falme za Kiarabu hazitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, lakini ukifungua kampuni kuna kodi ya asilimia 9 kwa faida inayozidi dirham 375,000. KRA nayo itaendelea kukuhesabu kwa biashara yako ya hapa kana kwamba hukusafiri.

Na mauti hayana miadi. Kwa Viza ya Dhahabu, mwenye kibali akifariki, familia inaruhusiwa kubaki hadi vibali vyao viishe. Nyumba yenyewe haihami kwa maneno: warithi watahitaji hati za mirathi za mahakama ya Mombasa, zipite Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi Nairobi kama zilivyopita zile za ndoa, zitafsiriwe, ziende mahakama ya huko. Basi nakala za hati ya nyumba, namba ya akaunti ya ada ya huduma na jina la wakili wa huko ziwe pia kwa mtu mmoja wa nyumbani asiyekuwa kwenye safari hiyo hiyo ya ndege.